Msongo si wa mawazo peke yake

Jumanne iliyopita tulikuwa juu ya dari la nyumba moja Kihonda, hapa Morogoro, jasho linatiririka, simu ya dogo ikalia. Dogo ni kijana ninayemfundisha kazi, ana miezi minane kwangu. Badala ya kunishikia tochi akawa anasoma tangazo la matengenezo lililorushwa kwenye kundi la mtaa. Eti kesho kutwa kutakuwa na kazi kwenye njia ya umeme wa msongo wa kati wa kilovolti 33. Akalisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

"Fundi, kumbe na umeme nao unapata msongo?"

"Unapata."

"Wa kati?"

"Wa kati, na mkubwa upo."

"Basi una nafuu kuliko mimi."

Nilicheka mpaka vumbi la dari likanikaba. Lakini tulivyoshuka nikaona kwamba kijana hakuwa anatania tu. Amemaliza kidato cha nne, fizikia amesoma, "voltage" anaijua na anaipima kila siku. Hilo neno msongo analisikia kwenye taarifa ya habari likifuatana na umeme na wala halijampitia kichwani kwamba ni kitu kile kile alichokipima asubuhi. Kwake msongo ni wa mawazo, unaotokana na kodi ya chumba.

Mimi neno lile nililijua kwa njia nyingine kabisa. Nililijua kwa kupigwa nalo.

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa naosha ubao na kuchemsha solda kwenye banda la fundi mmoja nyuma ya soko kuu. Bara tulikuwa tumepata televisheni mwaka 1994 tu, wenzetu wa Zanzibar wakiwa nayo tangu 1973, kwa hiyo mjini seti zilikuwa zinaingia kwa fujo, mpya na kuukuu, na zikiharibika zilikuja kwa Mzee. Zote za chogo. Kwa wadogo zangu waliozaliwa na flati: TV ya chogo ni ile yenye kisogo kirefu nyuma, kioo kimoja kizito kama mtungi uliolazwa, na ukiibeba unaikumbatia kama mgonjwa.

Mzee alikuwa amejifunza ufundi kwenye redio za vali, zile zenye taa ndani zinazong'aa kama glopu ndogo za tochi. Hakusema volti kama nambari haipo. Alisema "tenshen". "Pima tenshen hapo." "Hii haina tenshen." Waya fulani uliitwa hai tenshen na mwingine lo tenshen, na mimi kijana wa miaka kumi na saba, ambaye Kiingereza changu kilikuwa cha kuunga-unga, nilifikiri mzee ana tabia ya kusemea vitu wasiwasi. Kwenye rafu ya juu alikuwa na betri moja kavu, kubwa kama tofali mbili zilizowekwa pamoja, imekufa miaka mingi, haitupwi. Karatasi yake ilikuwa imebakia maandishi mawili: H.T. 90 V upande mmoja, L.T. 1.5 V upande wa pili. Volti moja na nusu ya kupasha moto nyuzi za vali, volti tisini ya kuifanya redio yenyewe iseme. Hiyo ndiyo hai tenshen ya Mzee: volti tisini! Siku hizi soketi ya kuchajia simu ina mara mbili na nusu yake na tunaiita umeme mdogo.

Sasa siku yenyewe. Ililetwa seti ya rangi ya inchi 21, imezimwa tangu jana yake, waya wake wa ukutani nimeuzungushia mkononi mwenyewe. Haijachomekwa popote. Mzee akaniambia nitoe kile kiwaya chekundu kinachotoka kwenye flaibaki, ile transfoma inayozalisha umeme mkali wa kioo, na kuingia ubavuni mwa kioo, kimefunikwa kofia ya mpira kama ya kuzibulia sinki ila ndogo. Akasema, kama alivyosema kila mara, "Ishoti kwanza." Maana yake uchukue bisibisi ndefu, uifunge waya, mwisho wa waya uubane kwenye ule wavu wa shaba unaokumbatia chogo kwa nje, halafu uingize ncha ya bisibisi chini ya ile kofia. Nikafanya. Ikalia *tap!* kama mtu kavunja kijiti kikavu. Nikaridhika. Nikaenda kufuata chai kwa mama wa jirani, nikakaa, nikapiga soga, nikarudi. Dakika ishirini, labda na zaidi. Nikaingiza kidole chini ya kofia.

Sikumbuki kuumia. Nakumbuka kiwiko changu kikigonga rafu ya nyuma na redio ya mteja mwingine ikishuka chini, na nakumbuka nimekaa sakafuni nikimtazama Mzee kana kwamba ndiye aliyenipiga. Kidoleni palikuwa na alama nyeupe ndogo, kama ya ncha ya sindano iliyochomwa moto.

Mzee hakuinuka. Aliuliza tu, "Sasa tenshen umeiona?"

Nikamwambia nilishaishoti. Akasema glasi haisahau mara moja. Ukiishoti mara ya kwanza inatoa ule wa juu, mwingine umebaki umejificha kwenye glasi yenyewe, unarudi polepole. Unaishoti mara mbili, tatu, na unaacha waya pale pale mpaka umalize kazi. Hilo alinifundisha baada ya kidole, si kabla, na mpaka leo nina kinyongo nalo kidogo.

Miaka mingi baadaye, nilipopata simu yenye intaneti na usingizi ukawa haba, nikaanza kusoma habari za hili neno, na nikagundua kwamba kipigo changu kina ukoo mkubwa. Mwaka 1746, katika mji wa Leiden kule Uholanzi, profesa aitwaye Pieter van Musschenbroek alikuwa anajaza umeme kwenye chupa ya glasi yenye maji, akaigusa vibaya, akapigwa mwili mzima. Alimwandikia mwenzake wa Paris kwamba hata akipewa ufalme wote wa Ufaransa hatarudia. Nilimwelewa sana. Chupa ile ikaja kuitwa chupa ya Leiden, na muundo wake ni glasi katikati, kitu kinachopitisha umeme ndani na kingine nje. Hebu litazame chogo la TV: glasi katikati, ndani limepakwa rangi inayopitisha umeme, nje limepakwa ile nyeusi ya kaboni inayoshikiwa na ule wavu wa shaba. Ni chupa ya Leiden iliyopewa kazi ya kuonyesha mpira wa miguu. Imejazwa kama volti 25,000 na inakaa nazo kimya hata ukiichomoa.

Na hapo ndipo neno lenyewe linapoingia, kwa sababu watu wa wakati ule walikuwa na shida kubwa ya kusema. Walikuwa na kitu kimoja, umeme, na walikuwa hawana namna ya kueleza kwa nini chupa ndogo inaweza kumwangusha mtu na chuma kikubwa kilichojazwa umeme huo huo kikamtekenya tu. Je, ni mwingi au ni mkali? Walishaupa majina ya kila aina. Du Fay, Mfaransa, mwaka 1733 alisema upo wa aina mbili, umeme wa glasi na umeme wa utomvu, kufuatana na kitu ulichokisugua. Benjamin Franklin, Mmarekani, akasema ni kimiminika kimoja tu, kikizidi ni chanya, kikipungua ni hasi. Kimiminika kimekufa kwenye vitabu, lakini mtoto wake tunaishi naye: tunasema mkondo wa umeme, kama wa mto, na hakuna anayeshangaa.

Aliyepanga maneno vizuri alikuwa Alessandro Volta, mzaliwa wa Como, Italia. Mwaka 1778 aliandika kuhusu uwezo wa vitu kubeba umeme, akatenganisha mambo mawili. Kuna kiasi cha umeme kilichomo, na kuna kile alichokiita *tensione*. Alilieleza neno hilo kwa namna ambayo naipenda kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma: ni ile jitihada ya kila nukta ya kitu chenye umeme kutaka kuutoa umeme wake na kuupa vitu vingine. Jitihada! Bado haujatoka. Unataka kutoka. Ndivyo lilivyokuwa chogo lile nililoliacha mezani nikaenda kunywa chai.

Aliipima kwa mabua. Alikuwa na kifaa chenye mabua mawili membamba yanayoning'inia pamoja ndani ya chupa. Ukigusisha umeme juu yake yanakimbiana, na upana wa mwachano ndio kipimo cha tensheni. Mimi nina mita ya dijitali ya elfu arobaini na tano na bado hunidanganya betri yake ikichoka.

Kisha Machi 1800 akamwandikia barua Joseph Banks wa Royal Society, London, kueleza rundo lake: vipande vya fedha na zinki vimepangwa juu kwa juu, katikati makaratasi yaliyoloweshwa maji ya chumvi. Betri ya kwanza. Hiyo ikaleta kitu kigeni: umeme wenye tensheni ndogo sana, mabua hayashtuki, lakini unatoka, unaendelea kutoka, hauishi. Kinyume kabisa cha chupa ya Leiden. Miaka ishirini baadaye, 1820, Ampère, Mfaransa, akaweka mpaka rasmi: kuna tensheni ya umeme, na kuna mkondo wa umeme. Ncha za betri zikiwa wazi, una tensheni na hakuna kinachokwenda. Ukiziunganisha, mkondo unakwenda.

Huu mpaka ndio nusu ya kazi yangu. Siutii chumvi.

Nisimpite Galvani, daktari wa Italia, maana ndiye aliyemchokoza Volta kwa majaribio yake ya miguu ya vyura, kitabu chake kikatoka 1791. Naye jina lake liligeuzwa kuwa umeme kwa muda mrefu. Watu waliogopa kusema ni umeme ule ule wa chupa, wakauita galvani, kana kwamba ni mnyama mwingine. Leo ukitaka kumkuta Galvani nenda duka la vifaa vya ujenzi uombe bomba la galvanaizi. Limechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, halijaona umeme hata chembe.

Basi, tensheni. Wenye hesabu hawakuipenda kwa muda mrefu. Kila mtu aliitumia kivyake, mwingine akimaanisha hiki, mwingine kile, na Maxwell, mwanafizikia wa Uskoti, katika kitabu chake kikubwa cha 1873 akalalamika waziwazi kwamba mafundi umeme wamelifanya neno hili liwe na maana nyingi zisizoshikika. Yeye alitaka liachwe kwa ajili ya mvuto wenyewe, nguvu inayovuta juu ya uso wa kitu. Kwa kile kingine, ile jitihada ya Volta, wakachukua potenshali, na wakasisitiza *tofauti* ya potenshali. Mwaka 1881 wakakutana Paris na kukubaliana kwamba kipimo chake kiitwe volti, kwa heshima ya Volta. Kwa hiyo Volta alinyang'anywa neno akapewa kipimo. Sijui kama ningekuwa yeye ningekubali.

Lakini vitabuni ni vitabuni. Huko nje neno halikwenda popote. Wafaransa mpaka leo ni *tension*, Waitaliano *tensione*, Wajerumani *Spannung*, yote ni habari za kuvuta na kutanua. Ndugu zetu wa Kolwezi, Kongo, wakisimama chini ya nyaya zinazotoka bwawa la Inga, ile njia ndefu ya kama kilomita 1,700, wanasoma *haute tension* kwenye kibao. Waingereza ndio walioliacha kwa maneno mengi, ila wakalibakiza kwenye herufi mbili, H.T., na herufi hizo ndizo tulizorithi. Linesmeni yeyote wa Tanzania ukimuuliza nguzo hii inabeba nini atakuambia "eichi-ti" au "el-ti". Fundi magari naye ana H.T. zake, zile nyaya za plagi. Kwenye TV waliona H haitoshi wakaongeza E mbele, ya *extra*.

Ona sasa tabu yake. Ya redio ya Mzee ilikuwa 90. Ya nguzo ya mtaani kwetu ni 11,000 au 33,000. Ya plagi ya gari inapita 10,000 kirahisi, na mtu akipigwa nayo anatukana tu na kuendelea na kazi. Neno moja. Maxwell alikuwa na hoja.

Sasa Kiswahili. Aliyekaa akatafsiri *high tension* kuwa msongo mkubwa, popote alipo, nampigia saluti. Maana njia rahisi ilikuwa kusema mvuto au mkazo, kwa sababu neno la Kilatini lililo chini ya tensheni ni la kutanua, kama kamba unavyoivuta pande mbili. Yeye akachukua kusonga. Kusonga ni kusukuma kwa kubana. Umati unasongamana mlangoni mwa daladala Msamvu kabla mlango haujafunguliwa: hakuna aliyeingia bado, hakuna anayekwenda, na mbavu zako zinakuambia. Na ugali unasongwa. Ukisonga ugali wa watu kumi na mbili mwiko unarudisha, mkono wote unajua, na bado sufuria haijasogea. Nimewahi kumwambia dogo, mkondo ni ugali kwenda kwenye sahani, msongo ni ule mkono. Alinitazama kama mtu mwenye njaa, ambavyo ndivyo alivyokuwa.

Kwa hiyo tumepata neno la zamani la akina Volta, limekataliwa na wenye hesabu, limepita Uingereza kwa herufi mbili, limefika kwetu na kuvaa nguo inayolikaa vizuri kuliko ile ya kwanza. Kasoro yake ni kwamba wanasaikolojia nao walilihitaji. Wakaja na msongo wa mawazo, na mawazo yana wateja wengi kuliko kilovolti.

Mtaani kwetu, hata hivyo, watu wana msamiati wao. Wanasema umeme mdogo. "Fundi, leo umeme umekuja mdogo, friji inanguruma tu." Nikienda jioni napima naona 170. Mteja amesema kweli, ila kasema kama watu wa kabla ya Volta: mdogo kwa kiasi au mdogo kwa msongo? Ukimwambia ni msongo ndio mdogo, anafikiri unamzungusha ili uongeze bei.

Ijumaa tukapata kazi iliyonifanya niandike haya. Mama mmoja mtu mzima, nyumba ya kupanga, mwenye nyumba yuko Dar. Alitupigia saa moja asubuhi. Tukamwamkia, akatuitikia huku anatembea kuelekea kwenye mita. "Njooni muone wanangu. Umeme nimenunua juzi, LUKU inasoma uniti thelathini na sita, majirani wanao, mimi sina. Taa hakuna, friji hakuna, simu haichaji."

Dogo akachomoa testa mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa fezi, waya unaoleta umeme, akaichomeka kwenye tundu la soketi sebuleni. Ikawaka. Akaiweka tundu la pili, lile la nyutro, waya wa kurudishia umeme, ambako haitakiwi kuwaka. Ikawaka.

"Fundi, fezi mbili!"

Mafundi wengi huwa wanapagawa hapo. Nimewahi kumsikia mmoja akimwambia mteja amerogwa, na mwingine akidai transfoma ya mtaa mzima imegeuzwa. Nikamwambia dogo apime kwa mita, tundu kwa tundu. Mita ikasoma sifuri na kitu kidogo kinachochezacheza. Akaniambia kwa kujiamini kabisa, "Basi hakuna umeme," na mkono ukawa unakwenda kwenye waya mweusi wa nyutro uliokuwa wazi kwenye soketi tuliyoifungua.

Nilimshika kiganja. Sikupiga kelele, maana kelele nayo hushtua mkono.

"Pima huo na eathi."

Mita ikasoma 231.

Akaurudisha mkono taratibu, kama mtu aliyeona nyoka kwenye kuni.

Tukafanya mchezo kidogo, na mama akavuta kiti akakaa kutazama. Nikamwambia dogo azime swichi zote za taa, achomoe friji, achomoe TV, achomoe pasi. Kisha arudishe testa tundu la pili. Haikuwaka. Nikamwambia aende chumbani awashe swichi moja ya taa, ile taa ambayo haiwaki. Akaenda, *ka*, akarudi, akaweka testa. Ikawaka.

Maelezo ni haya, na sitayarefusha. Nyutro ilikuwa imeachia kwenye baa, kile kipande zinapokutana nyaya za nyutro ndani ya boksi la breka, skrubu imelegea mpaka ikaungua, baada ya mita, ndiyo maana LUKU ilikuwa nzima. Fezi inaingia, inapita kwenye glopu, inatokea upande wa pili, inakuta barabara ya kurudi imekatika. Inasimama pale. Nyaya zote za nyutro za nyumba ile, zilizotakiwa kuwa salama, zimejaa msongo ule ule wa fezi. Kati ya tundu na tundu hakuna tofauti, kwa hiyo mita inasema sifuri, glopu haiwaki, mtu anasema hakuna umeme. Kati ya tundu na ardhi, ambako ndiko umesimama wewe na ndala zako, ni 231. Kila nukta ya waya ule ina jitihada ya kuutoa umeme wake na kukupa wewe.

Na hapo Maxwell na wenzake walikuwa sahihi kuliko Volta, lazima niseme. Ukisema waya huu una msongo hujamaliza. Una msongo kati yake na nini? Dogo alipima tundu kwa tundu, akapata jibu sahihi la swali lingine. Tofauti ya potenshali ni maneno mabaya, hayaimbiki, lakini ndani yake swali hilo lipo.

Tulikata umeme, tukasafisha ile baa, waya tukaukata ncha iliyoungua na kuukaza upya, na skrubu nyingine zote tukazikaza kwa sababu iliyolegea moja huwa si moja. Nusu saa. Taa zikawaka mchana kweupe, zote, na ile ya chumbani dogo aliyoisahau.

Mama alikuwa bado anafikiria. "Ngoja nikuelewe, mwanangu. Kwa hiyo ulikuwepo muda wote?"

"Ulikuwepo, mama."

"Ila haukuwa unakwenda."

"Haukuwa unakwenda."

"Kama mimi na miguu yangu hii," akasema, akainuka kwa kujisukuma na mikono.

Nikaandika risiti, kwa sababu mwenye nyumba lazima aione ili amkatie kwenye kodi. Nilikuwa na moyo mweupe siku hiyo nikaandika kwa Kiswahili kizuri: kurekebisha nyutro iliyoachia kwenye boksi la breka, msongo baada ya matengenezo volti 231. Mama akaipiga picha kwa simu, akaituma Dar. Tukiwa tunafunga begi ikarudi meseji ya sauti, akaifungulia spika.

Mwenye nyumba anauliza huo msongo ni wa nani, na kwa nini ulipie yeye.

Dogo alitoka nje kucheka. Mimi nikachukua risiti, nikakata neno kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake *voltage*.